Kwa mabinti wanaotaka kuvuka mpaka peke yao

Mabinti zangu,

Jumatano iliyopita nilisimama barazani kwangu hapa Kahama nikatazama kabati la vyombo la jirani yangu likifungwa kamba juu ya guta. Likafuata friji, kisha cherehani. Cherehani, wanangu! Ile ile iliyomsomesha mtoto tangu chekechea. Vijana wawili wa mikopo walikuwa wanaandika vitu kwenye daftari, na mama wa watu ameshikilia mlango kama anayetolewa maiti ndani. Chanzo ni binti yake kwenda Dubai siku 5 kwa mkopo.

Sina ugomvi na Dubai. Wala sina ugomvi na binti anayesafiri peke yake. Mimi nimevuka Rusumo, mpaka wetu na Rwanda, na vitenge vyangu mara nyingi hadi nimeacha kuhesabu, na mara ya kwanza nilikuwa mjane wa miaka 41 ambaye hajawahi kulala nje ya mkoa bila mwanaume wa kumsindikiza. Nataka msafiri. Ndiyo maana nina hasira, kwa sababu sasa kila mama mtaani kwetu ameapa binti yake hatokanyaga popote.

Hebu niwaeleze lile deni. Binti aliomba milioni 2. Mkononi alipokea milioni 1 na laki 8, maana laki 2 zilikatwa palepale, eti za fomu. Akatakiwa kurejesha laki 2 kila Ijumaa kwa wiki 14. Pigeni hesabu wenyewe: milioni 2 na laki 8. Rejesho la kwanza lilimkuta angali jangwani anapiga picha juu ya ngamia. La tatu likamshinda. Hii ndiyo kausha damu, na aliyeipa jina hilo hakukosea. Dhamana ilikuwa vitu vya sebuleni, na aliyetia sahihi ni mama yake, aliyeambiwa mtoto anakwenda semina. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha tangu 2018, lakini bado hawa watu wanabisha hodi nyumba kwa nyumba na daftari lao, na wanajua kabisa saa ambayo baba hayupo.

Mwanamke akikopa anunue gunia la mchele, mchele utauzwa. Picha ya ngamia nani ataila?

Lakini nikikaa kimya jioni najiuliza, huyu mtoto alikuwa anamwonyesha nani? Nadhani ananionyesha mimi na wenzangu. Kaka yake akienda Kampala kutazama mpira tunasema kijana mpambanaji. Dada akipanda basi tunaulizana chini chini, "Nani anamlipia?" Niliulizwa hivyo mimi, mjane, nikiwa na mzigo wangu kichwani na pesa yangu imefungwa kwenye pindo la kanga. Aliyeniuliza alikuwa shemeji yangu, mbele ya watu. Tumewafanya mabinti waone kwamba safari isiyo na hoteli ya ghorofa 40 ni aibu, halafu tunashangaa wakikopa. Kina mama wenzangu, hili ni letu.

Sasa sikilizeni. Safari ya kwanza ianze nchi jirani. Mimi nawashauri Kigali, kwa sababu naijua na kwa sababu haikuombi viza. Pasipoti muwe nayo, maana sisi hatuvuki na kitambulisho cha taifa kama wanavyofanya Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wao kwa wao tangu 2014. Ada ya pasipoti ni 150,000, nayo inadumu miaka 10. Ni elfu 15 kwa mwaka, na wengi wenu mnaiacha saluni kwa mkao mmoja. Anzeni na hiyo hata kama hamjui mtakwenda lini.

Halafu nunua kibubu. Elfu 5 kila siku kwa miezi minne ni laki 6, na hukumpigia mtu magoti. Kama mkono wako unawasha, ingia kwenye mchezo wa kupeana pesa kwa zamu na wenzako, mwombe kijumbe, yule anayekusanya pesa, akupe zamu ya mwisho. Pesa ikitimia igawe mara tatu kabla hujaitamani: nauli ya kwenda na kurudi, kula na kulala, na fungu la tatu la dharura ambalo halikai pamoja na mengine. Nauli ya kurudi haiguswi, hata ukikuta kitenge kinakuita jina.

Na hapo Rusumo acheni nicheke kidogo. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Mimi nikaja mwaka uliofuata, kila kitu kimo ndani ya rambo: nguo, viatu, karanga, hadi mkate wa njiani. Askari binti, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, akavitoa kimoja kimoja mbele ya basi zima akachukua rambo zote. Nguo zangu za ndani zikabaki mezani kama samaki mnadani. Nilitaka kulia. Mama mmoja wa Ngara akavua kanga ya pili aliyojifunga, akatandaza, tukafunga furushi. Tangu siku hiyo sisafiri bila kanga mbili. Kanga ni begi, ni shuka la gesti, ni pazia la kubadilishia, ni mto kwenye basi. Sisi wenyewe tuliipiga marufuku mifuko ile 2019, kwa hiyo nyie hamtapata kisingizio changu.

Ukivuka daraja la Kagera magari yanahamia upande wa kulia. Usicheke, nimewahi kuvutwa mkono na mtoto wa shule nisigongwe, kwa kuwa nilikuwa natazama upande wa nyumbani. Saa nayo inarudi nyuma moja. Simu inajirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haijirekebishi, na mtu asiyejua anafika Nyabugogo, stendi kuu ya mabasi Kigali, na kukaa kwenye benchi saa nzima analaumu dereva.

Mengine nayataja tu, mna akili. Badilisha pesa kidogo mpakani, ya kufikia mjini, na uhesabu mwenyewe kabla hujatoa yako. Fika mchana. Kwenye basi omba kiti karibu na mama. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 kabla. Tangu 2016 kadi yake ni ya maisha. Nyumba za wageni za makanisa ni safi, bei ni ya binadamu, na geti linafungwa usiku. Pikipiki kule zina helmeti ya abiria, ivae hata kama umesuka juzi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja, maduka hufungwa hadi saa tano asubuhi, usipange mambo. Mtu mmoja nyumbani ajue unalala wapi. Na aambiwe ukweli, siyo semina.

Ukikaa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, utasikia Kiswahili kila kona. Rwanda walikifanya lugha rasmi 2017, lakini pale kilikuwepo zamani. Pana kituo cha wanawake walichokianzisha wenyewe 2007. Hukutembeza mtaani kwa miguu na kukulisha chakula cha nyumbani, na kwa binti aliye peke yake hiyo ni siku nzima ya amani.

Nenda na Gisozi, hapo hapo Kigali, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya 1994. Hulipi kiingilio. Wamelala pale watu zaidi ya 250,000. Nilimwona binti mmoja, Mtanzania wetu kabisa, anajipanga mapozi ukutani penye majina. Nilimshika bega nikamwambia, mwanangu, hapa ni makaburini. Alichukia. Achukie.

Jambo moja silitanii. Safari inayolipiwa na mtu usiyemjua, ya Uarabuni au ya kokote, iwe ya kazi au ya matembezi, hiyo ni yake, wewe ni mzigo tu. Na pasipoti yako hashiki mtu mwingine "akutunzie".

Mwisho, kwa wewe ambaye kabati lile lilikuwa la kwenu. Najua uko Mwanza kwa mama yako mdogo na hushiki simu. Mama yako hajakulaani. Anashona kwa mkono, jioni huja kwangu kupindia sketi za shule kwenye cherehani yangu. Rudi tuongee na hao vijana wa daftari, mimi nitakaa katikati. Pasipoti yako bado ina miaka 9. Kibubu nimekununulia, kipo juu ya kabati langu, nimeshatia elfu 5 ya kwanza.

Mama yenu, muuza vitenge,
Kahama