Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wazazi wa Vijana Wenye Asperger, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2024. Shughuli za kawaida mnazijua: tulikutana mara 4, tukafanya matembezi ya Siku ya Usonji Duniani tarehe 2 Aprili, tukatembelea shule 5. Kichwa cha barua zetu sasa kinataja usonji (autism) kwanza, halafu Asperger, hali ya mtoto anayeongea vizuri lakini anayepata shida kuelewana na wenzake, kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 umeiweka hali hii ndani ya usonji. Wazazi wawili walikataa, wakisema watoto wao wanaongea vizuri na hawana usonji. Nitarudi hapo.

Sasa lile lililoleta maneno. Mwezi Septemba mama mmoja, mwanachama mwenzetu, alinipigia simu saa tano usiku akilia. Kijana wake yuko kidato cha kwanza, shule ya bweni. Anapenda treni, na vituo vya SGR, reli ya kisasa, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma anavitaja kwa mpangilio: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro na kuendelea. Taa zikishazimwa, wakubwa wa bweni walikuwa wanampandisha juu ya tranka avitaje. Akimaliza anaambiwa ameruka kimoja, aanze upya. Hakuwa ameruka hata kimoja, na kusingiziwa kosa ni kitu asichoweza kukimeza, basi atabisha mpaka alie. Kilio hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta.

Siku nyingine kiranja alimwambia kijana huyo kwamba mwalimu kasema amsubiri chini ya mwembe. Akasubiri kuanzia mapumziko ya asubuhi hadi jioni, bila kula, kwa sababu kwake neno likitamkwa ni hilo hilo, halina mzaha nyuma yake. Mwalimu wa zamu alipomuuliza kwa nini hakuwa darasani alijibu, "Niliambiwa nisubiri," macho yakiwa chini. Akachapwa kwa utoro.

Kwetu mtoto asiyemkazia macho mkubwa huhesabiwa kuwa ana adabu, ndiyo maana wengi wetu tulichelewa kugundua chochote, mimi nikiwemo. Lakini siku atakayomsahihisha mwalimu tarehe aliyoiandika ubaoni, mbele ya darasa zima, adabu yote inasahauliwa, anakuwa mjuaji na jeuri. Daktari Hans Asperger aliandika kule Vienna mwaka 1944 kwamba watoto wa aina hii huchokozwa na kutengwa na wenzao shuleni. Miaka 80 imepita, na mkuu wa shule ananiambia mimi, "Huyu hana tatizo, ana A ya hisabati." Wale wazazi wawili, naomba mnisamehe, lakini mkuu wa shule alitumia hoja yenu ileile.

Wengi mlitaka twende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyo hiyo, na wengine mlitaka habari ipelekwe redioni. Badala yake nilitoa shilingi 2,350,000 za umoja kuendesha mafunzo ya siku 2 kuhusu hali hii katika shule hiyo hiyo, kwa walimu 31, viranja 18 na patroni. Katiba yetu inamruhusu mwenyekiti 500,000 bila kikao. Nilizidisha, nalikubali. Niliwasiliana na katibu na mweka hazina. Wajumbe wengine 4 wa kamati niliwapigia na hawakupokea, na shule ilikuwa inakaribia mitihani. Kuhusu utaratibu nikosoeni. Kuhusu uamuzi wenyewe sitaomba radhi.

Nimeulizwa hadi msibani: kwa nini pesa zetu ziende kwa waliomtesa mtoto wetu? Jibu langu ni kwamba kijana na mama yake hawakutaka polisi wakati ule, na sikuwa na haki ya kuwaamulia. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, wakitaka kuitumia nitakwenda nao. Na viranja wale nao ni watoto. Mmoja alisimama mwenyewe akasema alipokuwa njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, na yeye alipandishwa tranka. Siku ya pili, watu wakiwa wametoka kunywa chai, kijana wa kidato cha tatu alibaki ndani. Alimuuliza mkufunzi kama hali hii inaweza kuwa yake, kwa sababu mwaka wa tatu huu anakula chakula cha mchana chooni. Hakuna aliyekuwa na habari naye, si shule wala sisi. Mama yake sasa ni mwanachama, na ada amelipa.

Kijana wetu amehamia shule ya kutwa karibu na kwao. Safari zangu 6 kwenda shuleni na kufuatilia uhamisho huo nilijilipia nauli mwenyewe. Sijadai na sitadai.

Fedha. Tulianza mwaka na 3,415,000, ada 480,000, michango 1,260,000. Matumizi: ukumbi na vifaa 610,000, matembezi 745,000, mafunzo 2,350,000. Salio 1,450,000. Wanachama ni 63, ada ni 20,000 kwa mwaka, na waliolipa ni 24. Mikutano 4, akidi ilitimia mara 2. Mkutano wa Oktoba, niliouitisha mahsusi nihojiwe kuhusu mafunzo hayo, walikuja watu 11, wakati kwenye simu ujumbe wa lawama niliopokea ulizidi 40. Hili limeniuma kuliko lawama zenyewe. Mtoto anayeonewa bwenini hana wa kumsemea isipokuwa sisi, na viti vilikuwa vitupu.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kufikia shule nyingine za bweni, na kuwapatia vijana wetu mahali pa kukutana wenyewe kwa wenyewe. Kamati italiangalia.

Daftari la ada liko kwa mweka hazina hapo mlangoni, na ripoti ya mafunzo pamoja na risiti zote ziko mezani kwa atakayetaka kuzikagua leo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti