Unyago umerudi, marika nayo yarudi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wazazi, makungwi (wanawake wanaowafunda wasichana unyagoni) na viongozi wa vijiji wa mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, hasa wakati huu ambapo mavuno ya mpunga na mtama yanaelekea ukingoni, likizo ya Juni inakaribia, na katika kila kitongoji ipo familia inayohesabu magunia ili ijue kama itawachezea binti zake ngoma ya unyago mwaka huu au itasubiri fedha za korosho.

Wasomaji watakumbuka kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia Mbunge wa Ruangwa, akatangaza kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa mikusanyiko ya hadhara. Hata Mwenge wa Uhuru haukukimbizwa mwaka ule. Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, likizo tuliyozoea kuitumia kuwaingiza ndani wali, yaani wasichana wanaofundwa, ilikuwa haipo tena, na wazazi wengi waliona heri kungoja kuliko kuwalaza watoto wa nyumba kumi katika chumba kimoja. Walifanya vyema.

Misimu iliyofuata, watoto waliokosa nafasi mwaka 2020 waliunganishwa na waliofikia zamu yao mwaka 2021, kwingine hadi 2022, wakaingizwa kwa mkupuo. Katika nyumba moja hapa Newala niliwaona wali waliopishana umri kiasi kwamba mkubwa alikuwa amekwisha vunja ungo, na mdogo alikuwa bado anang'oka meno ya mbele. Siku ya kutoka, walipopangwa mkekani chini ya miamvuli, kanga ya huyu mdogo ilikuwa imekunjwa mara mbili kiunoni ili asiikanyage, na shangazi yake alikuwa amemshika bega asije akasinzia mbele ya watu waliokuja kumtunza.

Yaliyosemwa ndani sitayaandika gazetini, maana mambo ya ndani hayatolewi nje, lakini kila mwanamke aliyechezwa anajua kwamba yako mafundisho ya heshima, usafi na kazi za nyumbani ambayo mtoto wa darasa la pili huyapokea bila taabu, na yako mengine yanayomhusu msichana aliyekwisha vunja ungo peke yake. Mdogo akiyasikia hayo ya pili, ama hayaelewi kabisa, ama anayaelewa vibaya, na hapo ndipo walimu wanapopata haki ya kulalamika kwamba mtoto amerudi darasani akiwa na maneno yasiyolingana na umri wake. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana katika nyumba nyingi mwali aliyechezwa akiwa mdogo aliitwa tena ndani alipovunja ungo, akakaa na somo wake, yaani mwanamke anayemfunda, na kuelezwa yale aliyofichwa mara ya kwanza.

Mkupuo ule ulikuwa wa dharura, na dharura imekwisha. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hivyo tarehe 5 Mei 2023, mwezi mmoja tu baada ya mbio za Mwenge kuzinduliwa hapa hapa Mtwara. Hata hivyo mkupuo umebaki, kwa sababu tumegundua unafuu wake: turubai moja, spika moja, na ng'ombe mmoja anayechangiwa na familia saba. Siwalaumu wanaobana matumizi, kwani anayelima korosho hajui bei ya mnada mpaka siku ya mnada. Ninachoshangaa ni kwamba fedha inayookolewa hivyo haiendi kwenye siku za mafundisho. Siku za ndani zimepungua, na usiku wa kigodoro, yaani muziki wa kukesha, umeongezeka.

Kuhusu jando sitasema mengi. Tohara sasa hufanyika zaidi hospitalini, jambo ambalo ni la heri, lakini siku za likumbi, yaani kambi ya jando, zimebaki chache, na hilo nawaachia wanaume walisemee wenyewe.

Ombi langu ni kwamba, kabla shule hazijafungwa, kila mwenyekiti wa kijiji awaite makungwi na walimu wakuu wakae kikao kimoja. Mwalimu anao umri wa kila mtoto katika rejesta yake, na kungwi anajua nani amefikia wapi, kwa hiyo si kazi kubwa kuigawa orodha ya wali katika makundi mawili, wadogo wakapewa siku zao na waliovunja ungo wakapewa zao, kila kundi kwa chumba chake na somo wake. Sherehe ya kutoka inaweza kubaki moja kwa wote, na turubai likabaki lile lile. Wanafunzi wa darasa la saba watangulie kuingia na kutoka, kwa kuwa mtihani wao huwa Septemba.

Kisha wako wale waliochezwa kwa mkupuo wakiwa wadogo mno. Sasa wamekuwa wasichana, na wengi wao hawajaitwa tena ndani. Msimu huu uanze na hao.

Mama wa wali,
Newala, Mtwara