Malalamiko kuhusu mtetemo wa pikapu baada ya kufunguliwa propela shafti

Meneja,
Idara ya Matengenezo,
Mjini Unguja.

Asalaam aleikum,

Mimi ni mteja wenu, mwenye pikapu nyeupe ninayochukulia mboga kutoka soko la Mwanakwerekwe kwenda hoteli za Paje na Jambiani. Risiti zote nimeziambatanisha.

Tarehe 14 Mei niliileta gari kwenu kwa jambo moja tu: krosi ya nyuma (kiungo chenye umbo la msalaba) ya propela shafti, yaani mhimili unaopeleka mzunguko wa injini kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa inagonga kila nikitia gia. Mlibadilisha krosi, nikalipa, kugonga kukaisha. Asubuhi ya pili yake, nilipoipita Tunguu na kufika kilomita 75 kwa saa, kiti kilianza kutetemeka na kreti za tungule zikawa zinacheza ngoma huko nyuma. Usukani ulitulia kabisa. Kwenye matuta ya msitu wa Jozani, yale ya kuwanusuru kima punju, napunguza mwendo na gari inakuwa nzima. Nikishayapita na kurudi kwenye 75, inaanza upya.

Nikarudi kwenu. Mara ya kwanza mkasema balansi ya tairi. Mara ya pili rimu imepinda, nikanunua rimu. Mara ya tatu tairi za nyuma zimevimba, nikanunua mbili mpya, kwenu hapo hapo. Mtetemo haukusogea hata kilomita moja. Katika safari zote hizo hakuna fundi wenu hata mmoja aliyepanda gari akaenda nayo barabarani. Waliipiga jeki, wakazungusha tairi kwa mkono, wakaandika risiti. Nilipokuja mara ya nne, kijana wa mapokezi akaniambia, “Mzee, pikapu zote ndivyo zilivyo zikiwa tupu.” Siku hiyo nilikuwa nimepakia viazi.

Nikamwendea fundi wa mtaani kwetu Fuoni, anayefanya kazi chini ya mwembe. Yeye alipanda. Kwenye 80 aliniambia nitoe gia niiache itereze. Mtetemo haukupungua, basi injini na klachi hazimo. Tukasimama pembeni, tukahamisha tairi za nyuma tukazifunga mbele. Tatizo lingekuwa la tairi, lingehamia kwenye usukani. Halikuhama. Akanieleza kuwa tairi mbovu hutikisa kwa vishindo vya kuhesabika, na wangu ni mvumo wa haraka: kwenye 80 tairi kama zangu huzunguka kiasi cha mara 10 kwa sekunde, lakini shafti, kwa meno ya difu (gia za ekseli ya nyuma) yalivyo, huzunguka karibu mara nne ya hapo.

Akaingia chini na tochi, hakukaa dakika tano akaliona kosa. Mlipoirudisha shafti mliichomeka kwenye meno yake bila kufuata alama, na yoki za ncha mbili, yaani mikono inayoshika krosi, hazikukaa mstari mmoja. Krosi iliyo kwenye pembe haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayolifuta hilo, kwa sharti yoki zielekeane. Zikipishana, badala ya kufuta huongeza. Kijana anayejifunza ufundi hufundishwa kupiga alama ya rangi kabla hajafungua nati ya kwanza. Picha za yoki zilivyokuwa zimepishana nilizipiga kabla hajagusa kitu, nazo zimo humu.

Alizipanga, akabadilisha na senta beringi, ile inayoishika shafti katikati, maana mpira wake ulikuwa umeshachanika kwa mtikisiko wa wiki saba. Sasa nakwenda Paje kwa 80 na chai ya kwenye chupa haitikisiki.

Ninachodai ni hiki: balansi mbili Sh. 60,000, rimu Sh. 170,000, tairi mbili Sh. 560,000 na senta beringi Sh. 120,000. Jumla Sh. 910,000. Rimu na tairi mkizitaka njooni mzichukue, za zamani ninazo na ni nzima. Fedha za krosi sidai, kwa kuwa krosi yenyewe mliifunga vizuri.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, barua hii pamoja na picha nitaipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

Wenu,
Mteja wa Fuoni, mwenye pikapu nyeupe