Hupita kidogo kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikieni. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya wanawake waliojifungua wasiopata usingizi ilisema dawa za usingizi "hupita kidogo tu" kwenye maziwa, ikaishia hapo.

Kidogo kwa nani? Mkaza mwanangu alijifungua salama, uji wa pilipili manga anakunywa, ila usiku macho makavu. Akaenda duka la dawa, akapewa vidonge ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu "1x1 usiku". Jina la dawa hamna, wala hakuulizwa kama ananyonyesha. Kufika siku ya nane majirani wanamsifu mtoto: mpole huyu, hana taabu! Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Wetu alilala tangu isha mpaka alfajiri, titi likitiwa mdomoni anavuta mara mbili kisha taya linalegea, maziwa yanamchirizika shingoni. Kliniki nesi alimkwaruza wayo kwa ukucha. Akakunja uso tu, akaendelea kulala. Uzito ulikuwa umeshuka. Tukafika hospitali na bahasha mkononi, na daktari hakuweza kujua ni dawa gani mpaka muuzaji alipopigiwa simu: dayazepamu.

Daktari alitueleza ambayo nyinyi hamkuyaandika. Dayazepamu haitoki mwilini upesi. Hata kwa mtu mzima, kupungua nusu tu huweza kuchukua siku moja hadi mbili, na mwili huigeuza kuwa kitu kingine chenye kuleta usingizi vilevile, kinachokaa zaidi. Ini la mtoto mchanga bado halina nguvu ya kuitoa. Kwa hiyo kile "kidogo" cha jana hukikuta cha leo. Na mama mwenyewe akishameza, asilale kitanda kimoja na mtoto, kwani hatasikia akimlalia.

Sisemi mama aache kunyonyesha. Na aliyezimeza dawa hizi kwa wiki nyingi asizikate ghafla. Amwone daktari, zipo dawa nyingine zinazotoka mwilini upesi zaidi.

Na hizo dawa za mafua zenye kulewesha usingizi, zinazouzwa kama peremende? Nazo humfikia mtoto, tena zaweza kupunguza maziwa. Ukibahatika kupewa boksi zima, karatasi ya ndani ni Kiingereza kitupu, kwa herufi za kusomwa na chungu.

Nataka kila duka la dawa, Unguja na Pemba, libandike juu ya kaunta, pale pesa zinapowekwa, neno moja kwa herufi za urefu wa kiganja: UNANYONYESHA? Na muuzaji asipokee pesa mpaka ajibiwe. Na bahasha isiyo na jina la dawa isitoke dukani.

Mjukuu wangu ameanza kulia tena usiku.

Bibi wa Wete,
Pemba