Risala ya kumuaga mbunge ianzie kwenye Hansard

Ndugu Mhariri,

Kila Bunge linapovunjwa, kamati za sherehe huundwa mitaani kuwaaga wabunge wanaong'atuka. Hela za turubai, muziki na pilau hazikosi kupatikana. Risala ndiyo huandikwa usiku wa kuamkia shughuli, ikajaa "mchapakazi", "mpenda watu" na "mlezi wetu". Maneno hayo yanamfaa mbunge yeyote, hata aliyemaliza vipindi viwili akigonga meza tu.

Aliyetumikia muda mrefu aandikiwe risala isiyoweza kusomewa mwingine. Pa kuanzia ni Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, zinazopatikana kwenye tovuti ya Bunge kwa mkutano, kikao na tarehe. Kwanza panga miaka yake, na kila kipindi uandike aliingiaje: kwa jimbo, kwa viti maalumu au kwa kuteuliwa na Rais. Kisha tafuta jina lake kwa tahajia zote. Aliyeolewa katikati ya utumishi huenda ana majina mawili kwenye kumbukumbu.

Usiishie kwenye swali la msingi, maana hilo huwasilishwa mapema kwa maandishi. Maswali mawili ya nyongeza ndiyo yanayoonyesha kama mbunge alimsikiliza Waziri au alikuja na karatasi yake tu. Soma pia michango ya maandishi, inayochapwa baada ya ile ya kusemwa na kurukwa na wengi. Tangu TBC, televisheni ya taifa, ilipoacha kurusha vikao moja kwa moja mwaka 2016, watu humkumbuka mbunge kwa vipande vya dakika moja vya kwenye simu, na mara nyingi ni vya vijembe. Hadhari moja: mbunge akiwa Waziri hachangii hoja kama mbunge wa kawaida, wala haulizi maswali, yeye ndiye anayeulizwa. Ukihesabu maswali bila kuangalia miaka hiyo utamwita bubu mtu aliyekuwa akijibu kila wiki.

Uongo mwingi wa risala uko kwenye miradi. "Alituletea daraja" husemwa Kigamboni, ilhali Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016 lilijengwa kwa fedha za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na Serikali. Barabara za mitaa ziko chini ya wakala wa Serikali, TARURA, tangu 2017, maji ni ya mamlaka ya maji, DAWASA. Mbunge aliuliza, alibana, alipitisha bajeti. Mwandikie hayo, yanatosha. Panapomhusu moja kwa moja ni Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, kwa sababu mbunge wa jimbo ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Omba muhtasari wa vikao halmashauri, uandike shule gani ilipata bati ngapi na mwaka gani. Angalia na mipaka: madarasa ya Kibamba ya kabla ya 2015 yalikuwa ndani ya Jimbo la Ubungo.

Mfano mzuri ni Mama Anne Makinda. Aliingia bungeni mwaka 1975 na kustaafu 2015. Kila anayemsifu husema "Spika wa kwanza mwanamke", na ni kweli, lakini kiti hicho alikikalia miaka mitano. Thelathini na mitano iliyotangulia haitajwi hata kwa sentensi.

Kuhusu zawadi, vinyago na saa za ukutani anazo za kutosha. Chapisheni michango yake ya bungeni kuhusu jimbo, iunganishwe kitabu, nakala tatu: moja yake, moja shule ya sekondari ya kata, moja ipelekwe Maktaba Kuu ya Taifa. Maktaba hiyo iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, jina la mbunge wa Rufiji aliyekosa kiti chake mwaka 1965.

Mwandishi wa risala,
Temeke, Dar es Salaam