Msitu wa kijiji nao upigiwe hodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Lindi na Mtwara tunaoishi kandokando ya misitu ya vijiji, na pia na wageni wanaokuja kuitembelea, kuhusu kujulishana nani yuko msituni na nani ameingia na bunduki.

Mwezi wa nane mwaka jana, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa na vijana tisa, wengi wao niliowafundisha darasa la saba, tukipanda njia ya miguu inayokatiza msitu wa kijiji kuelekea uwanda wa juu wa Rondo. Kiangazi kilikuwa kimekolea, miti imepukutisha majani, kila hatua inalia kwachakwacha. Mara tukasikia kishindo cha gobore mbele yetu, hatua hazikufika mia. Kabla moshi haujatawanyika, sauti ya mwanamke ikapaa: "Jamani, mtu! Huku kuna mtu!"

Tulimkuta mama mmoja wa kijiji cha jirani amelala kifudifudi kando ya shimo la ming'oko, kijembe bado kiko mkononi. Vyuma vilikuwa vimechubua gome la mti juu ya kichwa chake. Yeye mwenyewe hakuguswa, alhamdulillahi. Mwindaji alitokea upande wa pili anakimbia, anatetemeka kuliko yule mama. Alikaa chini, akaweka bunduki mbali naye, akasema, "Mama, nisamehe. Nimesikia udongo unachimbwa, nikajua nguruwe."

Kwa wasomaji wa mbali nieleze kidogo. Ming'oko ni mizizi ya porini inayofanana na viazi vyembamba. Ndiyo hiyo inayouzwa imechemshwa kwenye vituo vya mabasi huku kwetu, kwa chumvi na pilipili. Kina mama ndio wachimbaji wakubwa, na kazi yenyewe hufanyika vichakani, mtu ameinama au amepiga magoti, nusu ya mwili imezama shimoni, anaparua udongo kwa jembe fupi. Nguruwe pori naye anaipenda mizizi. Naye hufukua vichakani, alfajiri, kwa mlio uleule. Kama mwanamke huyo amevaa nguo za shamba zilizochujuka mpaka zikawa rangi ya vumbi, basi kwa macho ya mtu aliyejibanza nyuma ya kichuguu hakuna tofauti yoyote mpaka ainue kichwa.

Yule mwindaji hakuwa jangili. Alikuwa na kibali, nilikisoma kwa macho yangu. Nguruwe walikuwa wamemaliza mihogo ya kaya kadhaa na yeye aliombwa asaidie. Ofisi ya kijiji ilijua kwamba asubuhi ile kuna bunduki msituni. Mama wa ming'oko hakujua. Sisi watembezi hatukujua, na hakuna aliyejua kwamba sisi tupo, kwa sababu hatukupita ofisini. Makundi matatu yaliingia msitu mmoja alfajiri moja, kila moja likidhani liko peke yake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi hadi leo.

Marehemu baba yangu alikuwa msasi. Nilimfuata porini tangu nina miaka kumi, na kabla hajaniruhusu kushika chochote alinikalisha chini akaniambia sauti haina kichwa. Ukisikia majani yanatikisika, subiri. Ukiona rangi, subiri. Ukiona mgongo, bado subiri. Unafyatua ukishaona kichwa na miguu, na ukishajua nyuma ya mnyama kuna nini. Siku nyingi tulirudi mikono mitupu kwa sababu ya hiyo "subiri" yake, na mama alikuwa akinung'unika, lakini katika maisha yake yote ya uwindaji hakumjeruhi mtu. Nalitaja hilo la nyuma ya mnyama kwa sababu vijana wa sasa hawalifikirii. Hata bunduki ndogo ya .22, ile ambayo watu huiona kama ya kuchezea, risasi yake husafiri zaidi ya kilomita moja ikikosa kizuizi. Ukipiga kanga aliyesimama kwenye tuta, hujui risasi inakwenda kutua shamba la nani.

Jambo jingine nililoliona kwake ni kwamba alikuwa hapiti kisimani wala penye njia panda bila kupaza sauti. "Hodi huku!" Akisikia kina mama wanaitika, anawasalimu, anawaambia leo anaelekea upande gani, nao wanamwambia wamewaacha wenzao wapi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvuta sigara. Nikiwa mtoto nilidhani ni uchangamfu tu wa mzee.

Nijuavyo, watu wengi wakisikia habari kama hii hukimbilia kusema uwindaji upigwe marufuku, au kinyume chake, kwamba watembezi wakae mjini. Sikubaliani na upande wowote. Katika mapori ya akiba kama Lukwika-Lumesule kuna askari wa wanyamapori, na mtu haingii kama anaingia sokoni. Hatari iko kwetu, kwenye ardhi ya kijiji, ambako kila mtu ana haki ya kuwepo: mchimba ming'oko, mrina asali, mkata fito, mwanafunzi anayekatiza kwenda shule, na mwindaji mwenye kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai leseni hata ukiwa nje ya hifadhi. Inakataza mengi, lakini haiwezi kumwambia mama fulani kwamba kesho alfajiri bonde la mashariki lina bunduki. Hilo ni la kijiji chenyewe.

Na kijiji kina uwezo huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya 2002 imeruhusu vijiji kutenga misitu yao na kuitungia taratibu. Wenzetu wa Kilwa, vijiji kama Kikole na Nanjirinji, wana misitu yenye mipaka inayojulikana na wanauza mpingo wao kwa utaratibu. Kama kijiji kinaweza kujua mpingo upi unakatwa na nani, kinashindwaje kujua nani ameingia na bunduki siku gani?

Ninachoomba ni ubao. Ubao mweusi mmoja, kama ule niliofundishia miaka yote, utundikwe nje ya ofisi ya mtendaji na mwingine mdogo penye njia ya kuingilia msituni. Mwindaji aandike kwa chaki siku, upande anaoelekea na saa atakayotoka. Anayepeleka kundi la watembezi naye aandike. Wasiojua kusoma wapo, hasa bibi zetu, kwa hiyo mgambo au balozi apite jioni kuwaambia, au litangazwe msikitini na kanisani kama tunavyotangaza misiba. Haihitaji bajeti ya wilaya.

Kuhusu mavazi nina la kusema, kwa sababu wawindaji wawili watatu wamenibishia. Wanasema nguo za kung'aa zitafukuza wanyama. Kwa paa, nsya, funo na wenzao hilo si kweli: macho yao hayatambui vizuri nyekundu na rangi ya chungwa kama yetu. Wanachokimbia ni harufu na mwendo wako. Ndiyo maana katika majimbo mengi ya Marekani mwindaji wa mnyama wa huko anayefanana na swala analazimishwa na sheria kuvaa rangi ya chungwa inayowaka, na bado anapata mnyama. Ndege ni habari nyingine, wao huona rangi vizuri, kwa hiyo anayewinda kanga au kwale ana hoja, naye ndiye wa kuzidisha uangalifu. Lakini sisi wengine hatuna kisingizio. Kila kijiji kina bodaboda, na kila bodaboda ana kile kizibao cha kung'aa. Mama anayekwenda kuchimba ming'oko akitundika kizibao hicho kwenye tawi juu ya shimo lake, ameshajitambulisha kwa mtu yeyote mwenye macho.

Sasa niwageukie watembezi wenzangu, maana nasi tuna makosa. Wageni wanaongezeka. Kuna wanaokwenda Tendaguru kuona mahali ambapo Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na kuna wanaokuja kumtafuta yule komba mdogo aliyepewa jina la Rondo. Wanakaribishwa. Lakini nimeona kundi likipita msituni na spika begani, muziki unasikika bonde zima, wakati mtu ameketi tangu usiku akimngoja mnyama ili alishe watoto wake. Nimeona mgeni akimpiga picha mwindaji na kuirusha mtandaoni bila kumwomba ruhusa, na kuandika chini yake kwamba ni jangili. Yule mtu alidhalilika mbele ya wanawe. Ukikutana na mwindaji, simama mahali anapokuona, msalimie kwa sauti ya kawaida, shikamoo kama ni mkubwa wako, muulize anaelekea wapi, kisha shika njia yako. Akikuomba usubiri kidogo au uzunguke, zunguka. Msitu ni mkubwa.

Komba nimtaje tena, kwa kuwa yeye ni mnyama wa usiku na wanaomtafuta hutembea na tochi gizani. Kuwinda usiku sheria haikubali, hilo linajulikana. Lakini kuna mwenye shamba aliyekaa kwenye dungu lake akilinda mihogo, gobore mapajani, na yeye akiona mwanga unachezacheza ukingoni mwa shamba hajui ni mtalii au mwizi. Asiingie mtu usiku bila mwenyeji anayefahamika na wenye mashamba wa upande huo. Hapa sina nafasi ya kulegeza.

Wala silegezi kwenye mitego ya waya. Waya hauna macho, hauna "subiri", na haujui tofauti ya mguu wa funo na mguu wa mtoto anayekwenda kuchanja kuni. Mmoja wa vijana wangu ana kovu kwenye kifundo cha mguu mpaka leo. Anayetega waya kwenye njia ya watu hawezi kudai heshima ya uwindaji, na wawindaji wa kweli ndio wangekuwa wa kwanza kumtaja kijijini, kwa kuwa anawachafulia jina.

Yule mwindaji na yule mama walipatana papo hapo. Jioni alimpelekea kuku na unga, na mume wake akampokea. Mama hajarudi kuchimba upande ule. Alikuwa akiuza ming'oko kulipia sare na madaftari ya watoto, na sasa anatembea mbali zaidi, ng'ambo ya mto, kwa sababu kila akisikia jani linalia anajitupa chini. Aliniambia mwenyewe, "Mwalimu, mimi simchukii. Ila angeniambia tu."

Mkutano mkuu wa kijiji chetu unakaribia na nimeomba suala la ubao liwe ajenda. Mbao nimeshazinunua, na yule mwindaji ameahidi kuchimba mashimo ya nguzo. Naomba wenyeviti wa vijiji vingine wa mikoa yetu miwili wanaosoma gazeti hili nao walipeleke kwa wananchi wao mapema, kabla kiangazi kijacho hakijaingia na kina mama hawajatoka na majembe yao.

Mwalimu mstaafu,
Mtama, Lindi.