Aliyeko Marekani bila makaratasi anapo pa kutibiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na familia za Unguja na Pemba zenye watu wao Marekani ambao viza zimewaishia, au hawakuwahi kupata makaratasi. Mtu kama huyo akiugua, simu huja nyumbani, nasi humjibu kwa mapenzi: vumilia, chemsha tangawizi, nitakutumia dawa kwa fulani anayesafiri Ijumaa. Jawabu hizo zinawaumiza. Presha na kisukari vinaharibu figo kimya kimya wakati mgonjwa anasubiri mzigo.

Pa kuanzia ni vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya serikali kuu ya Marekani. Orodha yake iko kwenye tovuti ya HRSA, taasisi inayovisimamia. Mtu akiandika namba ya posta ya mtaa wake anaoneshwa vilivyo karibu. Vituo hivi haviruhusiwi kumrudisha mgonjwa kwa kuwa hana uwezo wa kulipa. Ambaye kipato chake hakizidi kiwango cha umasikini, kilichokuwa dola 15,650 kwa mwaka kwa mtu mmoja mwaka 2025, hulipa kidogo sana au halipi kabisa. Anayezidi hapo hadi mara mbili yake hupunguziwa kwa ngazi. Tatizo ni foleni: mgonjwa mpya anaweza kupewa miadi ya wiki kadhaa mbele. Kwa hiyo ajisajili akiwa mzima.

Siku ya kujisajili achukue pasipoti yake ya Tanzania, karatasi yoyote yenye anwani anayoishi, na ushahidi wa kipato. Anayelipwa mkononi aombe barua fupi kwa mwajiri. Akinyimwa, aulize kama kituo kinakubali maelezo yake mwenyewe yaliyosainiwa. Penye namba ya Social Security, yaani namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, aache wazi. Asiandike namba ya mtu mwengine hata kama mwenyewe amemruhusu, na asikubali kamwe kuweka alama kwamba ni raia wa Marekani, kwani uongo huo unaweza kumfungia milango ya uhamiaji maisha yake yote. Majina yetu matatu nayo yana matata: leo ameandikwa kwa jina la baba, kesho kwa la babu, na hospitali inafungua majalada mawili yenye bili mbili. Afuate pasipoti kila mahali. Na kama Kiingereza kinamsumbua, adai mkalimani wa Kiswahili wa bure, hata kwa simu, asitegemee mtoto kumfasiria.

Kabla ya kwenda apige simu, kwa sababu mambo yanabadilika. Mwezi Julai 2025 wizara ya afya ya Marekani ilitangaza kuvihesabu vituo hivi kuwa miongoni mwa huduma zisizowahusu wasio na makaratasi, majimbo kadhaa yakaenda mahakamani kupinga. Swali la kuuliza ni moja tu: je, mnampokea mgonjwa asiye na bima, na mnaulizia hali ya uhamiaji? Jina si lazima kulitaja.

Maumivu ya kifua, uchungu wa kuzaa, ajali au kupumua kwa shida havisubiri miadi. Sheria ya mwaka 1986 inailazimisha karibu kila hospitali yenye chumba cha dharura kumpima aliyefika na kuituliza hali yake bila kujali uwezo wake wa kulipa. Lakini kutibiwa si kusamehewa, bili itakuja, na hapa ndipo jamaa zetu wengi wanapoangamia, nasi tunawasaidia kuangamia kwa kupitisha mchango.

Bili ya kwanza isilipwe kwa haraka. Aombe kwanza mchanganuo wa kila kipimo na kila dawa, aukague. Halafu aulize kama hospitali ni ya kibiashara au la. Isiyo ya kibiashara, iliyosamehewa kodi, inatakiwa kisheria kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwasaidia wasiojiweza, na ipokee maombi hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Haitakiwi kumshitaki wala kumharibia rekodi ya mikopo kabla ya siku 120 kupita. Fomu hiyo aitume mapema na abakishe nakala. Akilipa kwa kadi ya mkopo, deni linahama kutoka hospitali kwenda benki, na benki haina msamaha wa wagonjwa. Pia ajue kwamba gari la wagonjwa na baadhi ya madaktari hutoza mbali na hospitali, kwa hivyo kusamehewa na hospitali kunaweza kusiziguse bili zao. Kila mmoja aandikiwe.

Kwa tiba isiyo ya dharura, tangu Januari 2022 asiye na bima ana haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya siku yenyewe. Bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi, anaweza kulalamika ndani ya siku 120.

Ipo pia Medicaid ya dharura, sehemu ya bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inayoweza kulipia mambo kama kujifungua. Kuhusu kusafisha figo majimbo yanatofautiana sana. Kwengine mgonjwa hupokewa pale tu anapokaribia kufa, jambo la kusikitisha. Mwenye kuijaza fomu hiyo ajue kwamba mwaka 2025 taarifa za Medicaid zilipelekwa kwa idara ya usalama wa ndani, inayosimamia uhamiaji, na kesi za kupinga zikafunguliwa. Azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji ikiwa hali inaruhusu. Punguzo la kituo na msaada wa hospitali ni mambo mengine, si Medicaid, na karani anapomsogezea karatasi aulize ni ipi.

Sisi huku tuache kutuma vidonge, maana dawa za kila siku kama metformin ya kisukari huko zinapatikana kwa dola chache kwa mwezi akishapata cheti cha daktari. Tutume picha za kadi za kliniki na chanjo, majibu ya vipimo vya zamani, na orodha ya dawa alizokuwa akitumia, kwa jina la dawa yenyewe na miligramu zake, si jina la boksi. Salbutamol ya pumu Marekani inaitwa albuterol, na paracetamol inaitwa acetaminophen, nayo imo ndani ya dawa nyingi za mafua zinazouzwa huko. Asiyejua hilo humeza dozi mbili kwa pamoja, na ini ndilo linaloumia.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba